Waliomkata Rispah Kimeo

Rispah Ndila akifungua mdomo pale Waa, dereva wa lori aliyekuwa upande wa pili wa barabara, injini inanguruma, alisikia kila neno. Na neno la kwanza mara nyingi lilikuwa "mwizi".

"We mwizi wa Diani, umerudi? Bei ni ile ile uliyoikimbia juzi!"

Dereva anacheka, anavuka, wanaanza kuvutana. Hivyo ndivyo Rispah alivyouza makuti, na hivyo ndivyo alivyomsomesha bintiye Cynthia na kujijengea nyumba ya mawe yenye paa la mabati. Ndiyo, mabati. Ukimuuliza kwa nini muuza makuti analala chini ya bati, anakujibu kwamba makuti ni ya watu wenye uwezo wa kubadilisha paa kila baada ya miaka michache, na Mungu awazidishie.

Haya ninayoyaandika si ya kumhurumia. Rispah hahurumiki. Mimi nauza fito na boriti karibu na kiwanja chake, na wateja wetu ni wale wale, wajenzi wa nyumba za wageni. Tumenyang'anyana wateja mpaka tukaheshimiana. Kwa hiyo naujua ulimi wake, na najua alichokaribia kupoteza na ni akina nani waliomfikisha hapo.

Wazazi wake ni Wakamba waliopata shamba huko juu kwenye skimu ya makazi ya Shimba Hills. Aliolewa na Kimeu, fundi wa baiskeli, wakateremka Waa. Kimeu alipofariki, ndugu zake walikuja kuchukua vitu. Rispah aliwaachia spana zote, akang'ang'ania baiskeli moja, kwa sababu baiskeli inabeba makuti na spana hazibebi. Akaanza kuzunguka kwa akina mama wanaoshona majani ya mnazi juu ya fito, ananunua kwao, anauza barabarani. Kuti lililoshonwa kwa jani bichi alilijua kwa kulinusa tu. Hata haya makuti ya plastiki yaliyoingia sasa hayakumtisha. Mjenzi akimtajia plastiki, Rispah anamwambia, "Nenda kanunue. Jua la Diani likishaipasua, utanikuta hapa hapa, na bei yangu itakuwa na adabu ndogo zaidi."

Mtaji wake ulikuwa sauti. Nayo ikaanza kukwama.

Mwanzoni ilikwaruza tu, kama mtu aliyepigwa na mafua. Watu wakamtania kwamba amewatukana madereva mpaka matusi yamekwisha. Lakini mafua hayakuwapo, wala homa, wala kikohozi cha maana. Akaenda Ukunda kwenye zahanati ya mtu anayeitwa Hesbon, yenye kioo cha buluu na televisheni ukutani.

"Kazi yako ni gani, mama?" Hesbon akamuuliza, macho kwenye simu.

"Nauza makuti."

"Unapiga kelele sana?"

"Nisipopiga nitauzaje?"

"Basi hilo ni koo la biashara. Chukua sirapu."

Hakumwambia afungue mdomo. Hakumgusa shingo. Rispah akarudi tena, akapewa sirapu ya rangi nyingine. Akarudi tena, akapewa vidonge vya kunyonya na ushauri kwamba apumzike. Mimi mtu akija kununua boriti kwangu mara ya tatu kwa sababu zile za kwanza zimevunjika, najua kwamba boriti zangu zina tatizo, na yeye anajua kwamba najua. Hesbon aliendelea kuuza. Hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, imekwama tangu lini, na jibu lake lingemfanya mtu yeyote aliyesomea kazi hiyo aiache simu.

Wajenzi nao waligundua. Mtu aliyekuwa akichinjwa kila mwezi akishamkuta mchinjaji wake hana kisu, unadhani atafanya nini? Walianza kuja makundi makundi, wanaongea wote kwa pamoja, wanapanga bei wenyewe, wanapakia. Rispah anapunga mikono kama mtu anayefukuza kuku.

Hapo ndipo akaja Kadzo.

Kadzo ndiye mshonaji bora wa makuti pale Waa na rafiki ya Rispah wa miaka mingi. Alimkuta amekaa juu ya rundo lililokuwa limekwisha kuuzwa kwa bei ya kutupa.

"Dada, hebu fungua mdomo," akamwambia. Angalau yeye aliomba kuona. Akachungulia. "Haa! Si unaona? Hicho ni kimeo. Kimerefuka, kinagusa koo. Ndiyo maana sauti haipiti."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia mlangoni mwa koo. Kila mtu anacho. Na huku kwetu, mtoto akikohoa sana, akitapika maziwa, akikataa kula, utamsikia bibi anasema akatwe kimeo. Watu wazima pia hukatwa. Mikono inayokata inajulikana, na heshima yake ni kubwa kuliko ya daktari, kwa sababu fundi wa kimeo hana foleni, hana dirisha, na anakuambia kilichokupata kabla hujakaa.

Fundi wao aliitwa Mzee Tembo, mwenye boma lake nyuma ya mashamba ya Tiwi. Walimkuta anakula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Ni nani mgonjwa? Huyu? Nimesikia alivyoamkia, nimeshajua."

Akaeleza malipo yake. Na Rispah, kwa sauti ile ya mkwaruzo, akaanza kuvuta bei. Akasema mtoto anatozwa kidogo, mtu mzima anatozwa mara mbili, na hali kimeo ni kimoja. Mzee akasema cha mtu mzima ni kinene. Rispah akasema hajakiona bado, amejuaje unene wake? Kadzo alicheka mpaka akashika mbavu. Wakakubaliana bei ya mtoto. Rispah alifungua mdomo akiwa ameridhika kabisa, kama mtu aliyeshinda. Hilo ndilo linalomuuma kuliko kisu chenyewe. Aliona bei nzuri, akasahau kukagua mali.

Alitoka damu njia nzima. Kidonda kikaoza. Hakumeza chakula kigumu kwa muda mrefu, akakonda, na harufu ya mdomo ikamfanya aongee akiwa ameufunika kwa leso. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa mwingine. Tangu siku ile, kila aliyeuliza habari ya sauti alijibiwa, "Ni kidonda cha kimeo, kitapona." Kadzo alisema hivyo, majirani wakasema hivyo, mwenyewe akasema hivyo. Kidonda kikawa pazia, na nyuma ya pazia kitu kingine kinaendelea na kazi yake. Kidonda kilipona. Sauti ikazidi kwenda. Ikawa mnong'ono.

Cynthia anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Diani, na alikuwa akija nyumbani kwa nadra. Siku aliyokuja, mama yake alimkaribisha mlangoni, naye akadhani anataniwa.

"Mathe, ongea bana."

"Ndiyo naongea," Rispah akanong'ona.

Cynthia hakubishana. Alimpeleka hospitali siku ya pili yake, na daktari kijana wa pale alipouliza lile swali moja, imekwama tangu lini, akasimama kutoka kwenye kiti. Akasema sauti ikikwama zaidi ya wiki tatu bila sababu, lazima bingwa wa koo atazame ndani. Akasema inaweza kuwa kitu kidogo. Inaweza kuwa saratani. Hakujua, na akakiri kwamba hajui, jambo ambalo hadi wakati huo hakuna aliyelifanya. Akawaandikia waende hospitali kubwa ya mjini, ng'ambo ya kivuko.

"Kama ni hiyo," Cynthia akauliza, "sauti itarudi?"

"Inategemea imefika wapi. Ikiwa bado ndogo, inatibika na sauti anaweza kubaki nayo. Ikishakua, itabidi koromeo lote litolewe, apumue kwa tundu la shingoni. Ikikua zaidi ya hapo..." Akamsogezea barua. "Msichelewe."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Wote wawili walilisikia.

Walifika ng'ambo asubuhi, wakapanga foleni kwenye dirisha la kuchukua tarehe ya bingwa. Karani alikuwa mwanamke mwenye kucha ndefu na uso wa mtu aliyechoka na binadamu. Akatazama barua, akatazama kompyuta.

"Mwezi wa tisa."

Wakati huo tulikuwa mwezi wa sita. Rispah akamvuta Cynthia sikio, akamnong'oneza. Cynthia akaona haya, akageukia dirisha na kutoa ile sauti yao ya mapokezi:

"Mama anasema anashukuru sana, ila anaomba kama inawezekana msaada kidogo."

Rispah akamfinya mkono mpaka binti akaruka. Alichokuwa amesema ni kwamba mwezi wa tisa atakuwa maiti, na je, bingwa huyo anatibu maiti?

"Usiniombee!" akamnong'oneza tena. "Huombi hapa. Unanunua. Sema nilivyosema!"

"Mama, hawa ni watu wa ofisi."

"Hata wale wa malori ni watu. Sema."

Karani akauliza, "Huyu mama ana shida gani? Nyuma kuna watu."

"Anauliza," Cynthia akasema, na safari hii akameza mate kwanza, "bingwa anatibu maiti?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Hilo swali zuri, nami nalitaka jibu lake." Watu wakacheka. Karani hakucheka.

"Tarehe zimejaa. Mnataka nimtoe nani?"

Rispah akatikisa kichwa. Akanong'ona kwa muda mrefu, naye Cynthia akawa anafuata neno kwa neno, kama mtu anayetafsiri mahubiri.

"Anasema usimtoe mtu. Anasema kule kwake lori likiagiza mzigo lisitokee, mzigo haulali barabarani unaota ukungu. Anauziwa aliyesimama pale. Anauliza, siku za bingwa, kuna wagonjwa wasiotokea?"

"Wapo. Kila mara wapo."

"Nafasi zao anapewa nani?"

"Hapewi mtu. Daktari anamaliza mapema."

Rispah alipiga dirisha kwa kiganja. Kioo kikalia. Hasira aliyokuwa nayo haikuhitaji mkalimani. Watu wanaambiwa mwezi wa tisa, na daktari anamaliza mapema! Siku ile wenye barua za dharura walikuwa zaidi ya mmoja pale foleni, na kila mmoja alikuwa tayari kuinamisha kichwa na kurudi alikotoka.

"Anasema," Cynthia akaendelea, na sasa sauti ya hoteli ilikuwa imemtoka kabisa, "atakaa kwenye lile benchi kila siku ya bingwa, kuanzia mlango unapofunguliwa. Asipotokea mtu, anaingia yeye. Hataki upendeleo. Anataka mzigo uliokosa mwenyewe. Na anasema useme ndiyo au hapana sasa hivi, mbele ya hawa watu, si kesho."

Karani akatazama foleni. Foleni ikamtazama.

"Akae," akasema. "Lakini mimi sijamwahidi kitu."

"Hajaomba ahadi," Cynthia akamjibu. Hilo alilisema kwa kichwa chake mwenyewe. Rispah ananiambia ndiyo siku ya kwanza alipoona kwamba ada ya shule haikupotea.

Siku ya kwanza ya bingwa alikaa benchi mpaka jioni bure, kwa sababu wote walitokea. Siku iliyofuata, wawili hawakutokea.

Bingwa aliitwa Daktari Abdurahman, mtu mfupi mwenye mikono myembamba. Alimpitishia Rispah kamera nyembamba kama njiti ya ufagio puani, ikashuka hadi kooni. Akatazama kwa muda. Kisha akauliza, "Kimeo kiko wapi?"

Rispah akaonyesha kwa vidole viwili ishara ya kukata.

Daktari akaitoa kamera taratibu, akaiweka, akavua glavu. Hakupiga kelele, ila Cynthia anasema masikio yake yalikuwa mekundu. "Sauti haitengenezwi na kimeo, mama. Kimeo kiko huku juu. Nyuzi za sauti ziko kule chini, ndani ya koromeo. Ni sawa na mtu ambaye choo chake kimeziba, akaenda akabomoa kengele ya mlangoni." Akavuta kiti karibu. "Kwenye uzi mmoja kuna uvimbe. Nitakulaza, nitachukua kipande, maabara watuambie ni nini. Sitaki kukuficha. Sikipendi nilichokiona."

Kipande kilichukuliwa. Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani. Ilikuwa imeshika uzi mmoja na kuanza kuukaza, lakini haikuwa imetoka nje ya koromeo. Daktari alisema watajaribu mionzi, kila siku ya kazi, wiki nyingi mfululizo. Koromeo linaweza kuokoka. Kama mionzi ikishindwa, litatolewa.

"Ningekuja mwanzoni?" Rispah akanong'ona.

"Ungekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona, na ingekuwa kazi nyepesi."

"Kubwa kiasi gani?"

"Mama, usijitese."

"Nimekuuliza bei. Nitajie."

Daktari akamtajia. Sitaiandika hapa. Rispah aliibeba ile namba kichwani kutoka ng'ambo hadi Waa, na alipofika aliweka mkoba chini, akaenda moja kwa moja kwa Kadzo.

Kadzo alikuwa anashona. Alipomwona alisimama, majani yakamwanguka kutoka mapajani. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Dada, wallahi mimi nilikutakia kheri."

"Najua," Rispah akanong'ona. "Ndiyo maana sijui nikufanye nini. Ungekuwa adui yangu ningeshakupiga."

"Mimi mwenyewe nilikatwa utotoni. Mwanangu nimemkata. Nilidhani..."

"Ulidhani. Hesbon alidhani. Mzee Tembo hakuhitaji hata kudhani, alinisikia nikiamkia akajua. Wote mmedhani kwenye koo langu."

Kadzo akaanza kulia. Rispah akangoja amalize, bila kumgusa. Kisha akatoa funguo za stoo, akaziweka juu ya majani.

"Nitakuwa navuka kila siku. Utauza badala yangu."

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Kauze makuti. Na mjenzi yeyote akikuambia nilimwahidi bei fulani, ni mwongo, mimi sina sauti ya kuahidi."

Nilimwona Kadzo kiwanjani wiki ile. Mtu aliyezoea kukaa chini akishona, amesimama barabarani anatukana madereva, machozi yanamtoka. Aliuza vibaya mwanzoni. Baadaye akauza vizuri, kwa sababu hasira alikuwa nazo nyingi na hazikuwa na pa kwenda.

Mionzi ilimchoma Rispah shingo ikawa nyeusi kama sufuria. Mate yalikauka. Alikunywa uji kwa mrija na kuvuka kivuko, kwenda na kurudi, akisukumwa na watu wasiojua kwamba wanamsukuma mtu aliyeungua. Mtumishi mmoja wa kanisa alimjia kumwambia ni majaribu kutoka kwa Mungu. Rispah alimwandikia kwenye simu: "Si Mungu. Ni Hesbon." Akamfungulia mlango atoke.

Halafu wakangoja, maana mionzi ikiisha lazima koo lipoe ndipo litazamwe. Siku ya kutazamwa Cynthia aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote. Kamera ikapita. Daktari Abdurahman akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Sema iii."

"Iii," Rispah akasema. Ilitoka kama mlango wa bati ukiburuzwa kwenye saruji. Lakini ilitoka, na haikuwa mnong'ono.

"Uvimbe umeondoka," daktari akasema. "Utakuja nikutazame mara kwa mara, usikose hata mara moja. Sauti haitarudi yote."

"Iliyobaki ndiyo hii?"

"Huenda ikaongezeka kidogo. Zaidi ya hapo, ndiyo hii."

Cynthia alikuwa amejifunika uso. Rispah hakulia. Alifunga leso yake, akashukuru kwa adabu, akatoka.

Kwenye benchi la nje, lile alilokuwa akilikalia yeye, alikaa mwanamume mrefu aliyekonda, mikono imejaa makovu ya kukata miwa. Mke wake ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba yake. Walitoka Ramisi. Mume anaitwa Ziro, sauti yake imekwama tangu kabla ya Ramadhani, na dirishani wamepewa tarehe ya mwakani. Ziro aliposikia Rispah anavyoongea, aligeuza kichwa haraka, akamtazama shingo.

Rispah akainama. "Baba, fungua mdomo."

Ziro akafungua. Rispah akachungulia. Palipopaswa kuwa na kimeo hapakuwa na kitu, kovu tu.

Alimshika yule mtu mkono, akamnyanyua, mke wake akiwafuata na mkoba, akasukuma mlango wa daktari bila kubisha.

"Daktari," akasema kwa sauti yake yote, hiyo iliyobaki, na foleni nzima ikaisikia. "Kuna mwingine. Na nimeshasimama kwenye dirisha lenu vya kutosha, usinitajie mwakani."